Gari Likimisi, Usikimbilie Koili Mpya: Mwongozo kwa Madereva wa Nakivale na Mbarara

Gari dogo likianza kutetemeka na kuishiwa nguvu kati ya Nakivale na Mbarara, neno la kwanza utakalolisikia gerejini ni "koili". Mara nyingi fundi anasema kweli. Shida ni kinachofuata: koili inanunuliwa, inafungwa, gari linakwenda vizuri kwa muda, kisha ugonjwa unarudi uleule na pesa nyingine inatoka. Ni koili chache zinazokufa zenyewe. Nyingi zinauawa na plagi iliyochakaa, oili iliyovujia kwenye shimo la plagi, maji ya kuoshea injini, au umeme uliounganishwa vibaya. Usipomjua muuaji, koili mpya ataimaliza vilevile.

Mwongozo huu ni kwa mwenye Vitz, Ist, Probox, Premio au Passo, na pia kwa mwenye Corolla ya zamani ambayo Waganda wanaiita Kikumi. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini Uganda magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na mengi yanabeba abiria wa Base Camp, Juru na Rubondo, kanda za Nakivale, kwenda hospitali na sokoni. Mwenye gari la namna hiyo anahitaji kujua kupima kabla ya kununua.

Koili inafanya nini

Betri inatoa volti 12. Umeme huo hauwezi kuruka hata pengo la milimita moja kwenye ncha ya plagi, tena ndani ya silinda iliyoshindiliwa hewa na petroli. Kazi ya koili ni kuupandisha hadi volti 20,000 na zaidi. Ndani yake mna waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma: ya kwanza nene yenye mizunguko michache, ya pili nyembamba sana yenye mizunguko maelfu. Umeme unapita kwenye ile ya kwanza, kisha unakatwa ghafla. Katika kukatwa huko ndipo volti inaporuka juu kwenye ile ya pili na cheche inatoka.

Koili haina volti moja ya kudumu. Inapanda hadi pale cheche inaporuka. Plagi ikiwa nzuri, volti ya wastani inatosha. Plagi ikiliwa na pengo likapanuka, koili inalazimika kupanda zaidi kila mara, maelfu ya mara kwa dakika. Siku moja umeme unapata njia rahisi kuliko ile ya plagi: unatoboa plastiki au mpira wa koili na kukimbilia chuma cha injini. Njia ikishaungua mara moja, haizibi tena.

Hapo utaelewa pia kwa nini gari linatulia likiwa limesimama lakini linamisi likipanda mlima na abiria wamejaa. Unapokanyaga mafuta, hewa inayoingia silindani ni nyingi, shinikizo linapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi. Koili dhaifu inaumbuka hapo. Kwa hiyo fundi anayepima gari likiwa limesimama kivulini tu, kisha akasema "koili zote nzima", hajapima.

Halafu kuna joto. Kwenye magari mengi ya baada ya mwaka 2000, kila koili imechomekwa juu ya plagi yake, katikati ya injini. Waya iliyoanza kukatika ndani inaachana koili ikipata moto na kushikana tena ikipoa. Gari linatoka nyumbani vizuri, linaanza kumisi baada ya mwendo, ukipumzika nusu saa linapona. Dereva anadhani petroli ilikuwa mbaya. Ugonjwa huu unapimwa injini ikiwa moto, si asubuhi.

Dalili, na magonjwa yanayofanana nazo

- Injini inatetemeka gari likiwa limesimama, na ekzosti inatoa mlio wa kukatakata.
- Gari linakosa nguvu mlimani au linaruka-ruka ukikanyaga mafuta.
- Harufu ya petroli mbichi kwenye ekzosti, na mafuta yanaisha haraka.
- Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka, au inawaka na kuzima.

Passo na Vitz zenye injini ya 1KR zina silinda tatu tu, hivyo koili moja ikifa theluthi ya nguvu imeondoka na mtetemo ni mkali kuliko unavyotarajia. Usiogope ukadhani injini imepasuka.

Plagi mbovu, nozeli iliyoziba, waya iliyolegea, hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka, na vali isiyofunga, vyote vinaleta mtetemo uleule. Ikiwa gari lilianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza petroli ya chupa au jerikani kando ya barabara, anza kuishuku petroli hiyo. Ikiwa imechanganyika na maji au mafuta ya taa, hakuna koili itakayoiponya.

> SOMA HAPA KWANZA
>
> Umeme wa koili unaweza kukurusha, na mkono ukagonga feni au mkanda unaozunguka. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asikaribie injini inayopimwa.
>
> Zima ufunguo kabla ya kuchomoa au kuchomeka soketi yoyote.
>
> Ukisikia harufu ya petroli chini ya boneti, usijaribu cheche. Tafuta inakovuja kwanza.
>
> Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosti na kuungulia humo. Masega yakipata moto kupita kiasi yanayeyuka, na nyasi kavu chini ya gari zinaweza kushika moto.

Kupima gari lenye koili juu ya kila plagi

Vifaa ni vichache: spana au soketi namba 10, soketi ya plagi ya namba 16 yenye mkono mrefu, tochi, kitambaa kikavu, na kama unayo, mita ya umeme. Mashine ya kusoma makosa inasaidia, lakini kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji mashine: ni kubadilishana nafasi.

1. Soma kosa kama unaweza. P0301 ina maana silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. Kodi hizo hazisemi koili imekufa; zinakuonyesha silinda ya kuanzia tu. P0351 hadi P0354, au kwenye Toyota za zamani kidogo P1300, P1305, P1310 na P1315, zinataja njia ya umeme ya koili yenyewe, na njia hiyo inajumuisha waya na soketi. Vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi Toyota za mapema miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Kikikataa, usihitimishe kwamba kompyuta ya gari imekufa.

2. Tafuta silinda iliyolala. Zima injini. Chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza kwa sekunde chache, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa kila koili. Ukichomoa koili nzima, mtetemo unaongezeka. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ilikuwa imeshalala. Kwenye Toyota nyingi silinda namba moja iko upande wa mkanda.

3. Toa koili ya silinda hiyo. Fungua bolti moja ya namba 10, izungushe koili kidogo kulia na kushoto, kisha ivute juu taratibu. Usiichokonoe kwa bisibisi. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka mingi inavunjika kama biskuti.

4. Mulika shimo la plagi. Hapa ndipo muuaji anapokutwa. Oili humo ndani maana yake mpira wa tapeti kava umechoka. Kutu au matope ya vumbi maana yake maji yanaingia. Tazama na mpira wa koili: mstari mwembamba mweupe au wa kijivu unaoshuka kwa urefu ni alama ya umeme uliotoroka.

5. Badilisha nafasi. Chukua koili ya silinda inayomisi, weka kwenye silinda jirani, na ya jirani ilete hapa. Soketi za waya zibaki kila moja kwenye silinda yake. Kinachohama ni koili pekee. Washa, endesha hadi injini ipate moto, ikiwezekana mlimani na mzigo. Kosa likihamia silinda ya jirani, koili ndiyo mbovu. Kosa likibaki palepale, koili haina hatia.

6. Kosa likibaki, badilisha plagi vivyo hivyo. Likifuata plagi, umeokoa pesa ya koili. Injini ipoe kabla ya kufungua plagi, kwa sababu kichwa cha injini ni cha alumini na hesi zake zinaharibika kikiwa moto. Kurudisha, anza kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa vidole, toa uanze upya.

7. Likibaki hata baada ya plagi, kagua soketi na waya. Koili za injini ya 1NZ, ile ya Ist, Probox na Vitz nyingi, zina waya nne: umeme kutoka kwenye ufunguo, amri kutoka kwenye kompyuta, jibu la kurudi kwenye kompyuta, na ardhi. Ufunguo ukiwa umewashwa, waya ya umeme isome karibu sawa na betri. Ile ya jibu ina umuhimu wake: kompyuta isipopata jibu kwamba cheche imepigwa, inakata petroli. Na kwa kuwa waya za jibu za koili zote zinaungana kabla ya kufika kwenye kompyuta, moja ikichubuka na kugusa chuma, injini nzima inaweza kukataa kuwaka ingawa koili zote ni nzima.

Umeme ukiwa sawa na kosa lingalipo, kapime nozeli na kompresheni. Usinunue koili kwa kubahatisha.

Kikumi na ndugu zake wenye distributa

Hapa koili ni moja kwa silinda zote. Ikifa, gari halimisi silinda moja. Linazima au linakataa kuwaka kabisa. Silinda moja ikimisi, shuku waya za plagi, kifuniko cha distributa, au plagi.

Koili hizi, tofauti na zile za juu, zinapimika kwa mita. Injini ikiwa baridi, njia ya kwanza isome kati ya ohm moja na mbili, na ya pili kati ya ohm 9,000 na 16,000 hivi. Waya za plagi zisizidi ohm 25,000 kila moja. Iliyozidi, au inayoruka-ruka ukiikunja, ibadilishe.

Gari likikataa kuwaka asubuhi baada ya mvua na kuwaka saa sita jua likipanda, fungua kifuniko cha distributa. Kifute unyevu, tazama nyufa nyembamba nyeusi kati ya miguu yake, na hakikisha kijiti cha kaboni cha katikati kingalipo na kinarudi kikibonyezwa. Ufa ukiwepo, kukausha ni dawa ya siku moja. Badilisha kifuniko.

Usiku wa giza ni mzuri kwa kupima gari la aina hii. Washa injini, zima taa zote, fungua boneti, usiguse kitu. Cheche za buluu zinazocheza juu ya waya zitakuonyesha zenyewe mahali umeme unapotoroka.

Taa ya injini ikiwaka, tafuta chini ya boneti kasha dogo lenye maandishi ya vituo ndani ya kifuniko chake. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa itahesabu. Mmweko mmoja, pumziko, kisha minne, ni namba 14: kompyuta haipati jibu la cheche. Soma maandishi mara mbili kabla ya kuunganisha. Ukikosea kituo unaweza kuunguza kitu.

Makosa yanayogharimu

*Kupima koili za juu kwa ohm.* Zina sakiti ya elektroniki ndani. Namba utakayopata haikuambii kitu, na fundi anayeitegemea atahukumu koili nzima kuwa mbovu.

*Kuacha koili ipige cheche hewani.* Kuinyanyua injini ikiunguruma ili kuona cheche inaruka umbali gani ni mazoea ya zamani. Kunailazimisha koili ipande hadi mwisho wa uwezo wake, na mara nyingi aliyekuja na koili dhaifu anaondoka na koili iliyokufa.

*Kuchomoa betri injini ikiwaka ili kujaribu alteneta.* Volti inaruka ghafla na kuunguza koili, au hata kompyuta. Tumia mita: injini ikiwaka betri isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikizidi 15, tengeneza alteneta kabla ya kufunga koili yoyote mpya.

*Kuchomelea bodi au ekzosti bila kuchomoa betri.* Magari yetu yanachomelewa mara kwa mara kwa sababu ya barabara. Chomoa waya hasi wa betri kabla mchomeleaji hajawasha mashine yake. Usimwachie yeye kukumbuka.

*Kusugua plagi za iridiamu kwa brashi ya waya.* Ncha yake ni nyembamba na inakatika. Plagi hizo hazisuguliwi, zinabadilishwa.

*Kubadilisha koili na kuacha oili shimoni.* Mpira wa koili mpya utavimba na kulainika kama wa kwanza. Gasketi ya tapeti kava na mipira ya mashimo ya plagi ni sehemu ya kazi hiyohiyo, zilipie pamoja.

Unaponunua Mbarara

Fundi Mkongo kule Nakivale atakuagiza bujii na bobini. Muuza spea wa Mbarara atakupa plagi na koili. Ni vitu vilevile. Usiende na jina tu, nenda na koili yenyewe. Namba imeandikwa mwilini mwake. Kwenye injini nyingi za 1NZ utakuta 90919-02240. Linganisha namba, urefu wa shingo, umbo la soketi na tundu la bolti.

Koili ya bandia mara nyingi ni nyepesi, maandishi yake yanafutika kwa kidole, na soketi inacheza ikichomekwa. Boksi zuri si ushahidi. Kati ya koili mpya ya bandia na ya mtumba iliyotoka Japani ikiwa halisi, mimi ningechukua ya mtumba, kwa sharti moja: ifungwe kwenye gari na iendeshwe hadi injini ipate moto kabla sijalipa, kwa sababu spea za umeme zikishatoka dukani hazirudishwi kwa urahisi. Kubalianeni hilo mbele ya fundi wako.

Nunua na plagi za seti nzima. Kufunga koili mpya juu ya plagi yenye pengo la milimita 1.3 ni kuipa mzigo uliomuua mwenzake. Injini ya 1NZ inataka pengo la milimita 1.0 hadi 1.1, pima kwa fila geji hata kama plagi imetoka kwenye boksi.

Kuzuia

Plagi za kawaida zibadilishwe kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000, lakini kwa gari linalobeba mzigo kila siku usingoje namba hiyo bila kuzitazama katikati.

Kuhusu washing bay nina neno kali kidogo. Vumbi la wilaya ya Isingiro la Juni hadi Agosti linamfanya kila dereva atake injini ipigwe maji ya presha. Katazeni. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi, yanakaa humo, na injini ikipata moto yanakuwa mvuke unaotafuna mpira na kuotesha kutu. Injini isafishwe kwa hewa, brashi na kitambaa kibichi. Kama imeshapigwa maji, toa koili zote, kausha mashimo, ndipo uwashe.

Barabara za moramu zenye matuta madogo mfululizo zinalegeza kila kitu. Kila unapobadilisha oili, fanya haya:

☐ Bolti za koili zimekaza, bila kulazimishwa.
☐ Kila soketi inalia "ka" ikichomekwa. Kishikio kikivunjika, funga kwa mkanda wa plastiki, si waya wa chuma.
☐ Hakuna waya inayosugua chuma au kugusa sehemu ya moto.
☐ Hakuna oili pembezoni mwa tapeti kava.
☐ Vichwa vya betri ni safi na waya wa ardhi umekaza.
☐ Kabla ya mvua za Machi na za Septemba: waya za plagi na kifuniko cha distributa vimekaguliwa.

Ikikufia njiani

Weka kwenye buti koili moja uliyokwisha kuijaribu, plagi moja, spana namba 10, soketi ya plagi na tochi. Huna koili ya akiba? Pumzisha injini ipoe, huenda ikakufikisha. Ikishindikana, zima, chomoa soketi ya nozeli ya silinda iliyolala ili petroli isimwagike bure, kisha endesha polepole hadi gereji iliyo karibu. Usijaribu kuipita lori ukiwa na silinda pungufu, na abiria wahamishie gari lingine kama mbele kuna mlima mrefu. Aliyemleta mgonjwa apewe nafasi ya kwanza kwenye gari hilo.

Koili uliyothibitisha kwamba imekufa, ipige alama ya rangi au uivunje kabisa. Usiirudishe kwenye boksi ulilonunulia mpya, na usimwachie mtu wa mtumba. Itasafishwa, itauzwa, na dereva mwingine wa Juru au Rubondo atailipia kama nzima.